Hoho nyeusi za Julai zilikuwa nyeusi tii, za sasa zimepauka na moja imegeuka nyekundu. Nimepigwa mbegu?

MamaViroba #1
Habari wakuu. Nahitaji wenye uzoefu.

Mwezi wa tatu nilisia hoho nyeusi na nyanya nyeusi kwenye trei, katikati ya mwezi wa nne nikahamishia miche kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini. Niko Kigamboni, uani kwangu ni mchanga mtupu, kwa hiyo ndani ya ndoo kuna udongo mweusi wa kununua, samadi ya mbuzi iliyokaa muda mrefu na pumba za mpunga. Miche sita ya hoho, minne ya nyanya.

Julai nilivuna hoho nyeusi zinazong'aa, hadi jirani akaniuliza hizi biringanya fupi nimezitoa wapi. Nilifurahi sana, nikamtumia mama picha. Sasa ni Novemba na sielewi. Hoho moja niliiacha mtini ikomae nitoe mbegu. Jumatatu nimeikuta na utepe wa damu ya mzee begani karibu na kikonyo, leo yote ni nyekundu kama ya sokoni. Hizi changa zinazotoka sasa si nyeusi tena, ni zambarau hafifu kama juisi ya rosela iliyozidishwa maji. Na nyanya upande unaotazama jua ni nyeusi, upande wa ukutani ni nyekundu ya kawaida.

Mbegu niliuziwa mtandaoni, pakiti ya mbegu kumi kumi. Nimetapeliwa, au mimi ndiye nimekosea kutunza?

Hakimu_wa_Mbegu #2
Pole dada. Umepigwa. Watu wanachukua hoho ya kawaida, wanabandika picha nyeusi iliyotiwa rangi kwenye kompyuta. Mimi niliuziwa mbegu za stroberi za bluu, zikaota majani ambayo mpaka leo siyajui jina.

ChumaMboga #3
@Hakimu_wa_Mbegu soma vizuri. Anasema Julai alivuna nyeusi. Mbegu bandia ingezaa nyeusi Julai kisha ibadili mawazo Novemba?

BwanaShambaMstaafu #4
Mama, tulia, hujatapeliwa. Kwa hoho, weusi ule ni rangi ya ujana. Tunda likiwa changa ngozi yake inajaa anthosianini, rangi ileile iliyomo kwenye zambarau, rosela na ngozi ya biringanya. Likianza kuiva, ile rangi inavunjika na nyekundu inajaa. Aina nyingi za hoho za zambarau zinaishia nyekundu, Purple Beauty ikiwa mojawapo. Hilo lako lililogeuka ndilo lenye mbegu zilizokomaa, kwa hiyo lifurahie. Ukitaka kula nyeusi, vuna ikiwa imejaa na ngumu, kabla ya utepe wa begani kutokea.

Nyanya ni habari nyingine. Kama ni zile za kundi la Indigo, rangi inatengenezwa pale tu mwanga unapogusa ngozi. Chukua moja, inua yale majani madogo ya kikonyo yaliyolala juu ya tunda. Chini yake utakuta nini?

MamaViroba #5
Nimetoka uani sasa hivi na tochi ya simu. Nimeinua vijani vya kikonyo, nimekuta nyota ya kijani! Nyota kamili, ncha tano, na kuizunguka ni nyeusi. Nimewaita watoto waje waone. Asante sana mzee wangu.

Ila za kupauka bado. Hizo ni changa, hazijafika kuiva.

Kisiwani77 #6
Kwanza hiyo mnayoiita hoho sisi huku Unguja ni pilipili boga. Pili, joto. Kaskazi ikianza kuvuma, usiku haupoi. Rangi hii hupenda ubaridi. Za Julai ulizipata wakati wa kipupwe, usiku una ubaridi wake. Sasa hivi ukilala unatoka jasho, na mche nao vivyo hivyo.

Limuru_Baridi #7
Kisiwani77 yuko sawa. Huku kwetu Limuru kuna asubuhi unaona pumzi yako, na hoho zangu za zambarau ni nyeusi kama makaa. Dadangu yuko Mombasa, nilimgawia mbegu za pakiti hiyohiyo, zake ni za rangi ya maua ya jakaranda. Mbegu moja, mama mmoja, pahali tofauti.

Lakini baridi nayo ina bei yake. Mwaka jana ugonjwa wa ukungu ulinimalizia nyanya zangu zote za Black Krim kwa wiki moja. Jumapili niliona madoa ya majimaji kwenye majani, Ijumaa mashina yalikuwa meusi. Huo weusi sikuutaka.

Mkulima_Goba #8
Naomba kupinga kidogo. Goba na Kigamboni joto ni lilelile, na mimi zangu hazijapauka Novemba hii. Tofauti ni maji. MamaViroba, unamwagilia maji ya kisima? Visima vingi vya Kigamboni vina chumvi. Ndoo ya lita 20 haina pa kuipeleka chumvi, inajikusanya. Angalia kama kingo za ndoo zina unga mweupe.

MamaViroba #9
@Mkulima_Goba ni kisima, ndiyo, na kina chumvichumvi, chai yetu inajulikana. Unga mweupe upo kwenye ndoo mbili. Ila zilizopauka ni ndoo zote sita.

Kuna kitu sikusema, samahani. Mwanzoni mwa Oktoba majani yalikuwa yanajikunja mchana, nikafunga neti ya kivuli juu ya hoho zote. Nyanya hazimo kwenye neti.

ChumaMboga #10
Neti! Tumeshafika #9 ndipo tunaambiwa kuna neti 😄 Dada umetuzungusha kama mgonjwa anayemficha daktari mguu unaouma.

Mzee kasema #4 rangi inatengenezwa penye mwanga. Umezifunika, zimepauka. Kesi imekwisha.

BwanaShambaMstaafu #11
Haijaisha, ChumaMboga. Nilichosema #4 kuhusu mwanga kilihusu nyanya za Indigo. Hoho nazo huongeza rangi kwenye jua kali, lakini kivuli cha neti si giza. Hapo kuna joto, kuna neti, kuna chumvi, na kuna mche uliochoka baada ya kuzaa miezi minne, vyote vimeingia mwezi mmoja. Huwezi kumkamata mwizi mmoja kati ya wanne kwa kuangalia nyayo zilizochanganyika.

Ushauri wangu: toa neti kwenye ndoo mbili tu. Nyingine mbili ziache kwenye neti lakini zimwagilie maji ya bomba au ya mvua. Mbili za mwisho ziache kama zilivyo. Subiri wiki tatu, kisha uangalie matunda mapya tu. Ya zamani usiyahesabu.

Hakimu_wa_Mbegu #12
Nakubali nilikurupuka #2. Lakini hizi nyanya nyeusi si GMO, zilizobadilishwa chembe za urithi (jeni) maabara? Nilisoma waliweka jeni ya ua ndani ya nyanya, zikaanza kuuzwa 2008.

Theluji_MN #13
@Hakimu_wa_Mbegu umechanganya vitu viwili. Nyanya yenye jeni za ua la snapdragon ni ya Profesa Cathie Martin na wenzake wa John Innes Centre, mjini Norwich, Uingereza. 2008 ndio mwaka walipoitangaza kwenye jarida la sayansi. Kuuzwa kwa wakulima wa nyumbani kulianza 2024, hapa Marekani, baada ya wizara ya kilimo kuiruhusu Septemba 2022. Naishi Minnesota, nilinunua mwaka huohuo: mbegu kumi kwa dola 20, nikaona nimeingiwa na wazimu. Ukiikata ni zambarau mpaka ndani, na maji yake yanatia doa kwenye ubao wa kukatia.

Indigo Rose, ya kundi la Indigo, haina jeni ya ua. Ilitolewa 2012 na Oregon State University, kazi ya Profesa Jim Myers na wanafunzi wake, kwa kuchavusha tu. Walipata weusi kutoka kwa ndugu wa porini wa nyanya, wa Chile na visiwa vya Galápagos. Hiyo ni nyeusi ngozi tu. Ukiikata ndani ni nyekundu.

MamaViroba, zako ndani rangi gani?

MamaViroba #14
Nyekundu. Kumbe dada wa theluji umenipa jibu ambalo hata sikujua naliuliza.

Limuru_Baridi #15
Na msisahau kundi la tatu. Black Krim, Cherokee Purple na Paul Robeson, hizi ni za zamani, na weusi wao hauna uhusiano na anthosianini. Ni nyanya zinazokataa kuacha kijani chao zikiiva. Nyekundu ikikaa juu ya kijani unapata kahawia, rangi ya tofali lililolowa maji. Hizo jua halizibadilishi kama Indigo, zinaiva hivyohivyo hata chini ya jani. Black Krim asili yake ni Urusi.

Theluji_MN #16
Krim ni Crimea, ile rasi ya Bahari Nyeusi. Jina lenyewe linasema. Mengine yote uliyosema sawa kabisa.

PiliPiliMbuzi_Tanga #17
Basi pilipili mbuzi yangu ya kahawia iko kundi hilo la tatu? Ikiwa changa ni kijani, ikiiva inakuwa rangi ya chokoleti, na haigeuki nyekundu hata ukiiacha mpaka inyauke. Watu wanadhani ukali unatokana na ule weusi. Ukali umo kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu. Jaribuni kulamba ngozi peke yake.

BwanaShambaMstaafu #18
Ndiyo, iko humohumo. Kijani hakijaondoka na nyekundu imekuja juu yake.

NjombeTu #19
Wakuu mimi miche yangu ya nyanya ya kawaida, Tengeru 97, majani yamekuwa zambarau upande wa chini. Je, ndiyo inageuka kuwa aina nyeusi? Nilitaka kutenga mbegu zake.

BwanaShambaMstaafu #20
Usitenge, kijana wangu. Hiyo ni njaa. Udongo ukiwa wa baridi, mizizi ya mche mdogo inashindwa kuvuta fosforasi hata kama imo ardhini, na majani yanaonyesha zambarau upande wa chini na kwenye mishipa. Weka mbolea ya DAP kidogo mbali na shina, au mboji nzuri, na usizidishe maji. Jua likichomoza sawasawa majani mapya yatatoka kijani.

Dada_Kirumba #21
Mimi zangu zimekuwa nyeusi bila kununua mbegu yoyote nyeusi. Nyanya ndefu za kawaida, kitako cha chini kimekuwa cheusi na kimebonyea kama ngozi ya kiatu. Naweza kuzila?

ChumaMboga #22
Dada, hizo si nyanya nyeusi. Hizo zinaoza kitako.

Mkulima_Goba #23
@Dada_Kirumba kata sehemu mbovu, iliyobaki inalika. Kuoza kitako ni tunda kukosa kalisi, na mara nyingi kalisi imo kwenye udongo ila maji yamekuja kwa kuruka: leo mafuriko, kesho kutwa vumbi. Mwagilia kiasi kilekile kila siku na weka majani makavu juu ya udongo. Kabla hujakimbilia dukani kununua dawa, rekebisha maji kwanza. Nilipoteza pesa nyingi kwenye vichupa kabla ya kulijua hilo.

Kisiwani77 #24
Mbona hamsemi zinaliwaje? Mimi nilikata pilipili boga nyeusi kwenye kachumbari, kitunguu, nyanya, chumvi, nikakamulia ndimu. Baada ya dakika kumi kitunguu kilikuwa waridi, na maji chini ya bakuli waridi pia. Mke wangu akasema nimeweka rosela. Rangi hii ikikutana na uchachu huwa nyekundu.

MamaViroba #25
Na mimi nilizikaanga na maini. Ziliingia kwenye kikaango nyeusi, zikatoka kijani kilichochoka. Mama mkwe alikuwa mezani, nilikuwa nimemsimulia hoho nyeusi tangu asubuhi, akabaki anaitafuta kwenye sahani. Tangu siku hiyo nazitia mbichi tu, dakika ya mwisho.

SokoSokoni #26
Kwenye biashara ndipo kazi ilipo. Nilipeleka ndoo moja ya nyanya za namna hii sokoni Mwanza. Mteja wa kwanza alichukua moja, akaigeuza, akairudisha akisema "mama hizi zimeoza." Wa pili vilevile. Nikaikata moja katikati nikaiweka juu ya fungu, watu waone ndani ni nyekundu. Hapo zikaanza kutoka, nusu ya bei. Walionunua wengi ni wenye migahawa.

Afya_Kwanza #27
Mwambie mteja zinatibu sukari na saratani, utauza zote.

Theluji_MN #28
@Afya_Kwanza tafadhali tusifanye hivyo. Utafiti ule wa 2008 ulifanywa kwa panya wa maabara waliozaliwa na udhaifu wa kupata saratani. Waliolishwa unga wa nyanya ya zambarau waliishi wastani wa siku 182, waliolishwa chakula cha kawaida siku 142. Ni panya, na ni nyanya ile ya jeni ya ua, siyo Indigo ya ndoo ya Kigamboni. Mgonjwa wa sukari akiacha vidonge kwa sababu ya neno letu humu, sisi tutakuwa tumemdhuru. Mama yangu ana sukari, nalisema hili kwa moyo wote.

Afya_Kwanza #29
Nimekuelewa, dada. Naliondoa neno langu.

Mkulima_Goba #30
Turudi kwenye mbegu. Nilipewa na rafiki mbegu alizozitoa kwenye hoho yake nyeusi. Nilipanda mitatu: mmoja mweusi, mmoja kijani kabisa, mmoja una michirizi ya zambarau kama mtu aliyejikuna. Nani anaweza kunieleza?

BwanaShambaMstaafu #31
Hoho yake ilikuwa jirani na hoho au pilipili ya kijani? Nyuki hawajui mpaka. Nyanya hujichavusha yenyewe mara nyingi, pilipili hupokea wageni. Ukitaka mbegu safi, funga ua na kipande cha chandarua kabla halijafunguka, tunda likishika weka alama ya uzi, kisha ondoa chandarua.

Hakimu_wa_Mbegu #32
Au alinunua chotara. Mbegu ya chotara ukiipanda kizazi cha pili inatawanyika hivyohivyo bila nyuki wa jirani. Humu sijakurupuka.

BwanaShambaMstaafu #33
Hujakurupuka. Yote mawili yanawezekana, na kwa miche mitatu huwezi kuyatenganisha.

ChumaMboga #34
Nani analeta mbegu kutoka nje? Theluji_MN nitumie hata tano kwenye bahasha.

Theluji_MN #35
Hapana kaka yangu, samahani. Mbegu kuingia Tanzania zinataka kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na cheti cha afya ya mimea. Hizo za jeni ya ua hata usiziombe, Tanzania hazijaruhusiwa kuuzwa kwa mkulima. Kuna kirusi cha nyanya kinachosafiri juu ya ganda la mbegu bila kuonekana. Na wadudu wageni vilevile: kantangaze, yule nondo ambaye viwavi wake hula nyanya, alipoingia 2014 mliona kilichotokea kwenye mashamba ya Arusha.

PiliPiliMbuzi_Tanga #36
Kantangaze. Hilo jina tu linanitoa hamu ya kula. Aliingia kwangu Jumamosi, Jumatano hakuna jani lisilo na njia zake.

MamaViroba #37
Narudi na majibu, wiki tatu na siku mbili.

Kwanza nyanya. Nilibandika utepe wa karatasi kwenye nyanya moja changa, nikaukata umbo la herufi ya kwanza ya jina la mwanangu. Jana nimeubandua. Herufi iko pale, kijani kibichi juu ya ngozi nyeusi, kingo zake kali kama zimechorwa kwa rula. Amelala nayo kando ya mto.

Sasa hoho. Ndoo mbili zilizotolewa neti: matunda mapya yameongezeka rangi, ila si weusi wa Julai, na mawili yameungua na jua upande mmoja, yana baka jeupe linaloshikika kama karatasi. Ndoo mbili za maji ya bomba chini ya neti: mche mmoja umetoa tunda jeusi zuri, wa pili zambarau hafifu kama mwanzo. Ndoo mbili nilizoziacha: zote hafifu. Mvua za vuli zilinyesha siku nne humo katikati, na zilinyesha juu ya ndoo zote.

Kisiwani77 #38
Zilizotolewa neti hazijafikia weusi wa Julai. Basi joto limo.

ChumaMboga #39
Lakini zimeongezeka rangi! Mwanga umo.

Mkulima_Goba #40
Na ndoo ya bomba iliyotoa nyeusi chini ya neti mnaiweka wapi? Hiyo ni chumvi iliyopungua.

Limuru_Baridi #41
Mche mmoja kati ya miwili, kaka. Nyani mmoja hafanyi kundi.

BwanaShambaMstaafu #42
Mvua imeosha chumvi kwenye ndoo zote, imepunguza joto, na imeleta mawingu. Nawaonea huruma wote mnaotaka kushinda leo. Mama, lile tunda jeusi la ndoo ya bomba lifunge uzi uliache liive liwe jekundu. Utoe mbegu, usie Machi, matunda yaje tena Julai. Usifunge neti, na weka ndoo mbili pembeni kwa maji ya kisima.

MamaViroba #43
Nimeshalifunga, uzi wa kijani. Mbegu zikitosha, Mkulima_Goba na Kisiwani77 nitawagawia kumi kumi, tupande wiki moja sote watatu.

Kisiwani77 #44
Zangu nitaziandika pilipili boga.